Pori lenye wenyewe: kumtembeza mama kwenye mialoni ya trufi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Nîmes, kusini mwa Ufaransa, na Januari mama yangu anakuja kunitembelea kutoka Lushoto. Ana miaka 68, goti la kushoto linamsumbua, lakini kushinda ndani hawezi. Nataka kumpeleka matembezi mepesi kwenye vichaka vya huku na ile mialoni ya trufi, ule uyoga wa chini ya ardhi unaosifiwa. Nilipopita karibu na mji wa Uzès nilikuta mialoni imepandwa kwa mistari, na chini ya kila mti ardhi imekauka duara kama imemwagiwa dawa. Miti ile inaumwa? Ni salama kupita? Tukiiona trufi tunaweza kuiokota? Na mama ameniuliza kwenye simu: kama inatafutwa na nguruwe, ni halali kula?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na miti, maana naona ndiyo iliyokutia wasiwasi.

Haiumwi. Hilo duara kavu ndilo mwenye shamba alilolisubiri kwa miaka. Wafaransa huliita brûlé, yaani palipoungua, ingawa hapakuwaka moto wala haikumwagwa dawa. Kinachofanya kazi kiko chini. Nyuzi za kuvu ya trufi, nyembamba kama utando wa buibui, zimeivisha mizizi midogo ya mwaloni kama soksi, kisha zikaenea udongoni pande zote. Zinakopita zinatoa kemikali zinazozuia mbegu za majani kuota na kuyadumaza yaliyokwisha kuota. Ndiyo maana duara linaifuata mizizi: mti ukikua, nalo linapanuka. Kwa kawaida linaanza kuonekana mti ukiwa bado mdogo, wa miaka minne mitano hivi, na trufi ya kwanza inakuja mti ukiwa na miaka saba, kumi, hata zaidi. Miti mingine inachora duara zuri la kupigia picha na haizai kitu maisha yake yote. Mkulima wa trufi ana subira kumshinda mkulima wa minazi.

Mimi nilisomea misitu Morogoro, na nilipofika huku jambo hili halikunishangaza kama lilivyowashangaza wenzangu wa darasani. Miti yetu ya miombo inaishi hivyohivyo. Ule uyoga wa njano kama kiini cha yai, unaouzwa kwenye vindoo kando ya barabara nchi za miombo mvua zikishika, nao umeshikana na mizizi: mti unaulisha sukari, uyoga unauletea mti maji na madini. Fyeka miombo, na uyoga umekwenda. Tofauti ni kwamba wa kwetu unachomoza ukaonekana, trufi inabaki chini, sentimita tano hadi thelathini, na haina namna ya kuzisambaza chembe zake za uzazi ila inukie mpaka mnyama aje aifukue na kuila. Harufu ile inayowapumbaza watu sokoni ilikusudiwa pua nyingine kabisa.

Tuje kwenye vichaka. Wenyeji wanaviita garrigue. Nitaandika garigi tuelewane. Wataalamu wa lugha wanalihusisha neno hili na garric, jina la Kioksitani, lugha ya kale ya kusini huku, la mwaloni mdogo wenye majani ya miiba. Kwa macho ya mgeni garigi ni pori la asili. Sivyo hata kidogo. Ni msitu uliochoshwa. Karne kwa karne watu wa hapa walikata mialoni kuchoma mkaa, kulisha matanuri ya chokaa na ya vioo, wakachungia kondoo na mbuzi juu ya visiki, mvua ikasomba udongo, na kilichobaki ni jiwe la chokaa na mimea inayoweza kulivumilia. Mama wa Lushoto hatahitaji kuelezwa hili mara mbili.

Mkitembea, mwambie atazame chini zaidi kuliko mbele. Kuna sehemu zimesawazishwa, na ukizikwangua kwa kiatu udongo ni mweusi: hapo palikuwa na tanuri la mkaa. Kuna kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na vibanda vya mawe vya mviringo, paa lake nalo mawe matupu, vinavyoitwa capitelle. Mkulima alijikinga humo mvua ikimkuta, akaacha jembe na mtungi wake wa maji. Usifikiri kuta zile zote zilijengwa kuwa mipaka. Nyingi zilijengwa kwa sababu mawe yaliyotolewa shambani yalihitaji pa kuwekwa. Nimeshawahi kusimama mbele ya ukuta mmoja nikijaribu kuhesabu mawe ya mita moja tu ya urefu. Nilikata tamaa nilipopita mia mbili.

Na mialoni ya trufi iliingiaje humu? Hadithi inaanzia mkoa jirani, Vaucluse, mwanzoni mwa karne ya 19, ambako mkulima wa Saint-Saturnin-lès-Apt, Joseph Talon, alipanda mbegu za mwaloni kwenye shamba lake la mawe na miaka baadaye akakuta trufi chini ya miti. Mfanyabiashara wa Carpentras, Auguste Rousseau, mwaka 1847 akapanda hekta saba kwa njia hiyo, na trufi zake zikapata tuzo kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1855. Kisha likaja janga. Mwaka 1863, kule Pujaut, ndani ya mkoa huohuo wa Gard unaoishi wewe, mizabibu ilianza kukauka bila sababu inayojulikana. Mdudu mdogo kutoka Marekani, filoksera, alikuwa anaila mizizi. Sehemu kubwa ya mashamba ya zabibu ya Ufaransa ikaangamia, na wengi walioachwa na ardhi tupu ya chokaa wakapanda mialoni. Mwishoni mwa karne ile Ufaransa ilikuwa ikivuna trufi nyeusi kwa mamia ya tani kwa mwaka. Leo inahesabu makumi. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwachukua vijana wa vijijini pamoja na ujuzi wao, misitu ikasongamana, mvua za kiangazi zikawa haba. Mistari uliyoiona wewe huenda ni ya baadaye: tangu miaka ya 1970 inauzwa miche ambayo kuvu imeshapandikizwa kwenye mizizi yake kitaluni.

Nimekuchosha na historia kwa makusudi. Ukiijua utaelewa kwa nini nasema pori hili lina wenyewe, na jibu la swali lako la kuokota ni hapana.

Ufaransa kuokota uyoga wa kawaida kidogo kwa ajili ya kula mara nyingi kunavumiliwa. Trufi imetengwa: kuichimba bila ruhusa ya mwenye ardhi ni wizi, iwe moja au kapu zima, iwe kwenye mistari iliyopandwa au chini ya mti uliojiotea. Na watu wanalichukulia kwa uzito mkubwa. Desemba 2010, mkoani Drôme, mkulima alimpiga risasi na kumwua mtu aliyemkuta shambani mwake usiku, akahukumiwa kifungo. Sisemi ili nikutishe, mchana kwenye njia yenye alama hakuna atakayekugusa. Nasema ujue uzito wa kamba ile moja iliyofungwa kati ya miti miwili ambayo kwako inaonekana kama ya kuanikia nguo.

Hata mimi nilijifunza kwa aibu. Majira yangu ya kwanza ya baridi huku niliona duara safi sana hatua kumi kutoka njiani, nikaingia kupiga picha. Nilikuwa nimechutama nikilenga, nikasikia mtu anakohoa. Mzee mmoja, koti la kazi la buluu, mbwa kimya pembeni yake. Hakupiga kelele. Alitazama viatu vyangu muda mrefu, kisha akaniambia, “Bwana, umesimama juu ya Krismasi yangu.” Akanionyesha kwa kidole jinsi udongo ulivyobonyea. Trufi zinahitaji udongo uliolegea, wenye hewa. Ukiukanyagakanyaga, unaharibu ya mwaka huu na pengine ya mwakani. Nilimwomba radhi kwa Kifaransa changu kibovu cha wakati ule. Ninapowaongoza watu sasa, duara tunalitazama kutoka njiani, na wanaonifuata wanadhani mimi ni mkali tu.

Sasa safari yenyewe. Kwa goti la mama usianzie Uzès. Anzia Pont du Gard, kama kilomita 14 kutoka Uzès. Mnalijua kwa lile daraja la Warumi la ghorofa tatu, karibu mita 49 kwenda juu, lakini pembeni yake kuna njia inayoitwa Mémoires de Garrigue: kilomita 1.4 ndani ya hekta 15 za garigi iliyofufuliwa, yenye mizeituni, mizabibu, mialoni na kuta za mawe. Vibao vinaeleza kila kitu kwa wanaosoma Kifaransa, wewe utamtafsiria. Kijana anaimaliza kwa nusu saa. Nyinyi jipeni saa moja na nusu. Majira ya baridi saa za kufungua hubadilika, kwa hiyo piga simu kabla ya kuondoka nyumbani.

Daraja lenyewe msilipite hivihivi. Lilijengwa kuvusha maji. Mfereji wake ulianza kwenye chemchemi ya Eure, chini ya mji wa Uzès, ukaenda kuishia Nîmes. Ukipima moja kwa moja ni kama kilomita 20. Mfereji ulitembea takriban 50, kwa sababu vilima vya garigi vilikuwa njiani ikabidi uvizunguke. Na katika kilomita zote hizo maji yanashuka mita kumi na mbili na nusu hivi tu, wastani wa sentimita 25 kwa kila kilomita. Mwambie mama hilo halafu unyamaze. Mtu aliyekulia Usambara, ambako wazee walichimba mifereji ubavuni mwa milima bila kipimo chochote ila maji yenyewe, atakaa na jambo hilo kichwani siku nzima.

Siku nyingine, akiwa amepumzika, mpeleke Uzès kwenye bonde la Eure. Kutoka karibu na kanisa kuu njia inashuka bondeni, na hapo ndipo pa kuangalia: goti bovu linaumia zaidi kwenye kushuka kuliko kwenye kupanda, na mawe ya chokaa yakiwa na umande yanateleza kama sabuni. Bora mshuke kwa gari, muegeshe chini, mtembee kando ya kijito cha Alzon hadi kwenye chemchemi, ambapo bado kuna mabaki ya birika la Warumi la kupimia maji. Ni tambarare, kuna kivuli, kuna pa kukaa. Juu ya bonde ndiko garigi inakoanza, nawe unaweza kupanda peke yako dakika ishirini umwachie mama thermosi ya chai na mkeka. Hatakasirika. Wazazi wetu wanapenda kuambiwa “nisubiri hapa” kuliko “jikaze”.

Njia fupi za huku zina alama ya mstari wa njano uliochorwa kwenye mti au jiwe. Zile ndefu za kitaifa zina mweupe juu ya mwekundu. Ukikuta alama ya msalaba, siko. Njia nyingi za mashambani kuzunguka Uzès zinapita kando ya mialoni ya trufi, na hapo mwonyeshe mama aina mbili. Mwaloni unaobaki kijani mwaka mzima, majani magumu kama ya mzeituni. Na mwaloni mwingine ambao majani yake hukauka yakawa ya kahawia lakini hayadondoki, yanabaki mtini yakichakarika kwa upepo hadi majira ya kuchipua. Wageni wote wananiambia huo wa pili umekufa. Ni mzima, na chini yake kuna trufi nyingi tu. Wa tatu, yule garric, atamjua kwa ngozi: unafika magotini na unachoma. Zamani wanawake walikusanya juu yake mdudu anayeng’ang’ania vitawi, wakamkausha, na kutoka kwake ikapatikana rangi nyekundu iliyogharimu fedha nyingi. Waarabu walimwita qirmiz, na jina hilo likaingia katika lugha nusu ya Ulaya.

Januari garigi haijalala. Rozmari inatoa maua ya samawati, na kuna kichaka cha miiba kinachotoa maua ya njano kwenye baridi kali. Kutakuwa na mreteni wenye matunda mekundu ya kahawia, na ukivunja kitawi chake mama anaweza kusema jina kabla yako, kwa sababu ni ndugu wa mwangati wa Shume, ule ambao Wakenya wanauita mtarakwa. Mbao za mwangati anazijua. Wa huku ni mfupi, umedumaa, na wachungaji walikuwa wakiuchoma polepole kupata mafuta meusi ya kupaka kondoo vidonda. Mzeituni nao una jamaa yake kwenye milima yetu. Nimemwona mama mmoja wa Kilimanjaro akiupapasa shina hapa Gard kama anayemsalimia mtu wa kwao.

Hatari zipo, si nyingi. Kubwa ni uwindaji: majira yote ya baridi wanawinda nguruwe mwitu, na mkikuta kibao kimeandikwa chasse en cours, yaani uwindaji unaendelea, au watu wenye vizibao vya rangi ya chungwa, geukeni mrudi. Uliza ofisi ya utalii ya Uzès siku gani hawatoki, na mama avae kitu cha rangi inayowaka; kanga yake nyekundu juu ya koti inatosha kabisa. Ya pili ni viwavi. Kwenye misonobari mtaona viota vyeupe kama pamba iliyofumwa, na mwishoni mwa majira ya baridi viwavi vinashuka na kutembea kwa mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake, vizuri kutazama. Msiviguse, hata kwa kijiti; vinywele vyake vinawasha vibaya macho na koo. Ya tatu ni upepo, mistral. Siku ambayo kipimajoto kinasema nyuzi nane na mistral unavuma, mwilini ni kama sifuri. Baridi ya Lushoto ya Julai haimwandai mtu kwa upepo ule. Ondokeni kama saa nne asubuhi na muwe garini saa kumi. Jua linazama kama saa kumi na moja na nusu. Akija tena kiangazi, kumbuka kwamba kuanzia Juni hadi Septemba misitu na garigi hufungwa siku za hatari ya moto, na tangazo hutoka kila siku.

Swali la mama ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Zamani ni kweli alitumika nguruwe jike, kwa sababu harufu ya trufi inamvuta bila kufundishwa. Ubaya wake ni kwamba anaitafuta ili aile yeye, na kumnyang’anya nguruwe wa kilo mia kitu alichokwisha kukitia mdomoni ni kazi yenye hatari kwa vidole. Leo karibu wote wanatumia mbwa, aliyefundishwa akiwa mdogo kwa vipande vya trufi na zawadi ya jibini. Mbwa anakwaruza mara mbili tatu, mwenyewe anamzuia, anapiga goti, anachukua donge la udongo ananusa, kisha anamalizia kufukua kwa kijembe kidogo. Trufi inasuguliwa kwa brashi na maji baadaye. Yenyewe ni uyoga, haina damu wala nyama. Mimi si sheikh, na suala la mate ya mbwa na kuosha wapo wenye elimu yake wa kuulizwa. Ila mkumbushe mama kwamba Mtume aliitaja trufi ya jangwani, kam’a, kuwa ni katika mana, na maji yake kuwa dawa ya macho. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Ndugu zetu walioko Ghuba wanaijua kwa jina la faga, inayochimbwa jangwani baada ya mvua za radi. Si aina moja na hii ya Ufaransa. Ya jangwani ni nyeupe au ya kahawia hafifu, ya bei nafuu, inapikwa sufuria nzima kama viazi. Inaishi na mimea midogo ya jamii ileile ya sistasi, vile vichaka vya garigi vyenye majani ya kunata ambavyo Mei hutoa maua kama karatasi iliyokunjwakunjwa. (Na tafadhali asijaribu kutia maji ya trufi ya sokoni machoni.)

Kinachomhusu zaidi ni mahotelini. Trufi hutiwa sana kwenye soseji na pate, yaani nyama iliyosagwa, za nguruwe. Omba ya mayai.

Kama anataka kuona mbwa akifanya kazi, kuna njia mbili. Wakulima kadhaa wa eneo hilo wanapokea wageni kwa malipo, wanawatembeza chini ya mialoni yao wenyewe. Hapo ndipo mnapoweza kuingia ndani ya duara, mkiwa mmealikwa. Siku ya jua tulivu mwombe mwenye shamba awaonyeshe pia njia ya nzi. Anatembea polepole sana, jua likimpiga usoni, akigusagusa ardhi mbele yake kwa kijiti. Kuna nzi mwembamba wa rangi ya kahawia anayetaga juu ya trufi iliyoiva, na akisumbuliwa anaruka wima kidogo, kisha anatua palepale. Palepale ndipo pa kuchimba. Mara ya kwanza nilionyeshwa mara sita na sikuona kitu. Ya saba nilimwona, nikapiga kelele kama mtoto, na kelele ikamfukuza.

Njia ya pili ni Jumapili ya tatu ya Januari, siku ya trufi Uzès, kwenye uwanja wa Place aux Herbes. Wauzaji wanapanga trufi kwenye vikapu vidogo, kila moja imechanwa kidogo kwa kisu ili uone ndani. Angalia mchano huo: nyama iwe nyeusi ya kuelekea zambarau, yenye mishipa myembamba myeupe. Ikiwa ya kijivu au nyeupe haijaiva, hata inukie vipi. Nje iwe na vinundu vidogo kama ngozi ya stafeli dogo, na ukiibonyeza iwe ngumu. Kuna trufi ya Kichina inayofanana nayo sana kwa sura na karibu haina harufu, ndiyo maana unanunua kwa pua. Na chupa za mafuta ya trufi ziache. Nyingi zinanukia kwa kemikali ya kiwandani, na ndizo zinazowafanya watu waseme trufi inanuka gesi.

Bei isikushtue. Kilo inafika mamia ya yuro, na karibu na Krismasi hupanda zaidi, lakini hununui kilo. Gramu ishirini zinawatosha watu wawili. Jumamosi ni siku ya soko hapohapo Uzès, kwa hiyo ukipata nafasi pita siku moja kabla ununue mayai ya kienyeji sita. Jumapili, mkishanunua trufi, iwekeni pamoja na mayai mazima, pamoja na maganda yake, ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, kwenye friji, msifungue mpaka Jumanne asubuhi. Harufu inapenya ganda. Mtapata mayai ya trufi, na trufi yenyewe bado mnayo. Kaangeni kwa siagi, moto mdogo, chumvi kidogo, na vipande vyembamba vya trufi mvitie mwisho moto ukiwa umezimwa. Na mkate mzito wa kuchovya, maana mama atautaka.